Kopo la Kura: Namna ya Kuchagua Ufunguo wa Mazoezi ya Kinanda

Katika makanisa mengi ya Webuye, kama ilivyo Bungoma mjini na Kitale, kiongozi wa nyimbo hamwulizi mpiga kinanda amezoea ufunguo gani. Hushika maikrofoni na kuanza pambio pale sauti yake ilipoangukia asubuhi hiyo. Waumini hupokea, makofi huanza, na mpiga kinanda hubaki na sekunde chache za kuitafuta do. Akikuta do ni C au G, hana neno. Akikuta ni A flati, mkono mmoja huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha transpozi.

Kitufe hicho kimewalea wapigaji wengi wa kizazi hiki. Mtu hujifunza ufunguo mmoja tu, mara nyingi F shapu, kisha hukiachia kinanda kazi ya kupandisha na kushusha. F shapu haikuchaguliwa ovyo. Vibonyezo vitano vyeusi peke yake hutoa do, re, mi, so na la, na mapambio mengi hayahitaji zaidi ya sauti hizo tano. Wala jambo hili si la Bungoma pekee. Irving Berlin, mtunzi wa Marekani aliyeishi kuanzia 1888 hadi 1989 na kutunga nyimbo zilizoimbwa dunia nzima, alipiga zaidi katika F shapu, na alitumia piano yenye wenzo wa kuhamisha sauti. Moja ya piano hizo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Lakini kitufe kina gharama yake. Umeme ukikatika katikati ya ibada na jenereta ikawashwa, vinanda vingi huamka vikiwa vimerudi sifuri. Mpigaji aliyekuwa amepandisha mbili hujikuta kanisa zima liko A flati naye yuko F shapu. Mpiga gitaa la besi akimwuliza wako wapi, hutaja ufunguo ulio chini ya vidole vyake, si ule unaosikika, na besi huingia pabaya. Siku akialikwa penye piano ya kawaida, kitufe hakipo kabisa. Mwongozo huu ni wa mpigaji wa aina hiyo aliyekwisha kuamua kujifunza funguo zote 12 kwa mikono yake mwenyewe, na sasa anataka kujua leo aketi na upi, kesho na upi.

Jibu linalopendekezwa hapa ni kura. Si kura ya kila ufunguo kuwa na nafasi sawa, bali kura yenye uzito: ufunguo unaokushinda na unaohitajika sana uwe na karatasi nyingi ndani ya kopo, ule unaoujua uwe na chache, na usiwepo hata mmoja usio na karatasi.

Inafaa kwanza kuona kwa nini mzigo huu umemwangukia mpiga kinanda peke yake. Magharibi mwa Kenya ni nchi ya kwaya. Marafiki, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakajenga kituo Lugulu, si mbali na Webuye. Marafiki wa Uingereza kwa desturi huabudu kwa ukimya, lakini wa huku huimba. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na likaota mizizi katika eneo hilihili pamoja na bendi zake za tarumbeta. Ndani ya kwaya hizo, watu wengi walijifunza muziki kwa noti za do-re-mi, mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kisha ukachukuliwa na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Katika mfumo huo do huhama. Mwalimu huandika juu ya karatasi “Do ni F”, au akaona kwaya imechoka akaishusha hadi E flati, na mwimbaji hasomi kitu kipya: mi ni mi ileile, so ni so ileile. Mpiga kinanda ndiye anayelazimika kupanga vidole upya. Waimbaji hamsini hawasikii tofauti yoyote ya ugumu, na ndiyo maana hakuna anayemhurumia.

Sasa, njia tatu ambazo watu huzitumia kuchagua ufunguo wa mazoezi, na zinapopungukia.

Ya kwanza ni kujichagulia. Mtu huketi na nia njema, akasema leo atagusa D flati, akajikwaa mara tatu, na baada ya dakika tano yuko C akipiga wimbo anaoupenda. Vidole hurudi nyumbani bila kuagizwa. Hili halitibiwi kwa kujilaumu, linatibiwa kwa kumpokonya mpigaji haki ya kuchagua.

Ya pili ni mzunguko: C, kisha G, D, A, na kuendelea kwa kupanda tano hadi kurudi C. Mzunguko una heshima yake, na kila anayesoma muziki aujue. Hata Johann Sebastian Bach, alipokamilisha mwaka 1722 kitabu chake cha prelyudi na fyuga katika funguo zote 24, za meja na za maina, alizipanga kwa utaratibu, akipanda nusu sauti baada ya nusu sauti. Ila utaratibu unaofaa kitabu si lazima ufae mazoezi. Mzunguko hutoa haki sawa kwa funguo zisizo na haja sawa: C unaoujua tangu utotoni hupata siku nzima, na A flati unaokutoa jasho kila Jumapili hupata siku moja vilevile, kisha husubiri siku 11. Tena mkono huzoea kinachofuata. Mpigaji hujua baada ya D ni A, na kanisani hakuna wimbo unaofuata mzunguko.

Ya tatu ni kura ya kawaida, karatasi 12 kwa funguo 12. Hapa angalau mkono haujui kinachokuja. Lakini bahati tupu ina tabia ambayo wengi hawaitarajii. Ukitoa karatasi na kuirudisha, mara 12 mfululizo, ufunguo wowote utakaoutaja una uwezekano wa asilimia 35 wa kutotokea hata mara moja. Ni zaidi ya theluthi. Ukiwa na bahati mbaya, A flati itajificha wiki mbili huku C ikikutembelea kila jioni.

Je, kuna faida gani ya kuruka huku na huku badala ya kukaa na ufunguo mmoja mpaka uive? Swali hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan, huko Marekani, waliwafundisha watu mijongeo kadhaa ya mkono. Kundi moja lilirudia mjongeo mmoja mpaka mwisho ndipo likaenda kwa mwingine, na kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mafunzo kundi la kwanza lilionekana bora, lakini lilipopimwa baadaye, lile lililochanganyiwa ndilo lililokumbuka zaidi. Mwaka 2016 Christine Carter na Jessica Grahn walijaribu jambo hilo kwa wanamuziki, wapigaji 10 wa klaneti. Vipande vingine walivifanyia mazoezi kwa dakika 12 mfululizo, vingine kwa dakika tatutatu kwa kupokezana hadi jumla ifike 12. Siku ya pili, waamuzi walielekea kuvipa alama bora vile vilivyopokezana. Wapigaji 10 ni wachache na tofauti haikuwa kubwa, kwa hiyo asitokee wa kuapa kwa utafiti huo. Hata hivyo unakwenda njia moja na jambo ambalo mpigaji yeyote wa kanisa amelionja: kinacholala vizuri nyumbani baada ya kurudiwa mara 20 mara nyingi hakiamki Jumapili kinapoitwa ghafla.

Kutumia bahati katika muziki si kitu cha jana pia. Johann Kirnberger, aliyekuwa mwanafunzi wa Bach, alichapisha mwaka 1757 mchezo wa kutunga minueti na polonezi kwa kurusha dadu. Na dadu mbili zenyewe hueleza uzito ni nini vizuri kuliko maelezo marefu. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, ilhali 2 au 12 hupatikana kwa njia moja tu. Anayerusha hajui kitakachokuja, lakini anajua kinachokuja mara nyingi. Hicho ndicho kinachotafutwa: kutojua kwa kipimo.

Sasa vifaa. Kopo tupu la majani ya chai au la kakao, karatasi ngumu ya daftari iliyokatwa vipande vya ukubwa mmoja, kalamu, na daftari dogo. Vipande visipolingana, vidole hujifunza upesi kipi ni kipi, na kura inakuwa ya uongo.

Kabla ya kukata karatasi, kusanya habari. Kwa Jumapili nne, andika kwenye daftari kila wimbo uliimbwa ufunguo gani. Anayetumia transpozi asiandike ufunguo wa vidole, aandike unaosikika. Kama unapiga F shapu na kinanda kinaonyesha 2 juu, wimbo uko A flati. Kikionyesha 1 juu ni G, 4 juu ni B flati, 1 chini ni F, 3 chini ni E flati, 4 chini ni D. Andika pia mazoezi ya kwaya, harusi na matanga, kwa maana huko ndiko nyimbo huanzishwa na mtu yeyote mwenye sauti yoyote. Daftari hili litashangaza. Wengi hudhani nyimbo za kanisa lao zimetawanyika kila mahali, kumbe viongozi wawili watatu wa nyimbo huangukia mahali palepale kila wiki, kwa sababu koo la mtu lina makazi yake.

Kisha kila ufunguo upewe namba mbili. Ya kwanza ni haja, kutoka 1 hadi 3: 3 ni ule unaotokea karibu kila wiki, 1 ni ule usiotokea kabisa. Ya pili ni ugumu, pia 1 hadi 3: 1 ni ule unaoweza kupiga skeli, kodi tatu za msingi na wimbo mmoja bila kusimama, na 3 ni ule unaokusimamisha. Zidisha namba hizo mbili. Jibu ndilo idadi ya karatasi.

Katika kupima ugumu, watu hujidanganya kwa kuhesabu shapu na flati. Ufunguo wenye vibonyezo vingi vyeusi si lazima uwe mgumu kwa mkono. Frédéric Chopin, mpiga piano na mwalimu aliyezaliwa Poland, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa skeli ya B yenye shapu tano, kwa kuwa vidole virefu vya katikati huangukia vyeusi na vile vifupi hubaki kwenye vyeupe, jinsi mkono ulivyoumbwa. C, inayoonekana rahisi kwenye karatasi, aliiacha mpaka mwisho. Kwa hiyo ugumu upimwe kwa kupiga, usipimwe kwa kusoma.

Chukua mfano wa mpigaji wa kanisa aliyekulia kwenye F shapu, ambaye mwanamke anayeongoza sifa kanisani kwake huanza nyimbo nyingi katika A flati. F shapu ina haja 1 na ugumu 1, karatasi 1. C ni 2 kwa 1, karatasi 2. G ni 3 kwa 1, karatasi 3. F na B flati zina haja 3 na ugumu 2, karatasi 6 kila moja. E flati ni 2 kwa 3, nayo ni 6. D na A ni 2 kwa 2, karatasi 4 kila moja. E, B na D flati hazimwombi kitu sana lakini hazijui, 1 kwa 3, karatasi 3 kila moja. A flati ni 3 kwa 3, karatasi 9. Jumla ni karatasi 50.

Namba hizo zinasema nini? A flati ina asilimia 18 ya kila kura, na F shapu ina asilimia 2. Akitoa kura tatu kwa kikao na kukaa vikao vitano kwa wiki, kwa wiki nne atakuwa ametoa kura 60. A flati atakutana nayo kama mara 11, F kama mara 7, F shapu kama mara moja. Muda wake umekwenda kwenye haja bila yeye kujisukuma kila jioni.

Hapa pana sharti lisilovunjwa: hakuna ufunguo wa sifuri. Kishawishi cha kuitoa E kwa kuwa haitokei kanisani ni kikubwa. Lakini mgeni kutoka Eldoret akija na gitaa lake, E ndipo atakapoanzia, kwa sababu nyuzi za gitaa zikiachwa wazi humpa E, A, D na G kwa urahisi. Karatasi moja ni mlango ulioachwa wazi. Msamaha uko kwa mmoja tu, yule anayejiandaa kwa mtihani wenye orodha. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, kwa mfano, ambayo hufanywa Kenya pia, hutaja skeli za kila daraja, na anayeikabili atumie kopo lenye skeli za daraja lake peke yake mpaka siku ipite.

Swali linalofuata ni dogo lakini hubadilisha mambo: je, karatasi ikitoka irudishwe? Ukiirudisha kabla ya kura nyingine, kopo halina kumbukumbu. Ufunguo uliotoka jana unaweza kutoka leo, na wenye karatasi moja unaweza kupotea mwezi mzima. Katika mfano ule wa kura 60, uwezekano wa F shapu kutotokea kabisa ni kama 3 kati ya 10. Usipoirudisha, ukaiweka pembeni mpaka kopo liishe, kila ufunguo utatokea idadi yake kamili, si zaidi si pungufu, na kwa kura tatu kwa kikao kopo la karatasi 50 huisha katika kikao cha 17. Kwa mtu wa mtihani, njia ya kutorudisha ni bora, kwa kuwa hakuna kitakachoachwa. Kwa mpigaji wa kanisa, kurudisha kunamfaa zaidi, kwani ndivyo Jumapili zenyewe zilivyo: hazikumbuki wiki iliyopita. Jambo moja tu: ndani ya kikao kimoja, ufunguo uleule ukitoka mara ya pili, urudishe na uchukue mwingine.

Karatasi imetoka, imesoma E flati. Dakika kumi zifuatazo zisiishe kwenye skeli. Skeli ipigwe kwanza, mkono wa kulia, wa kushoto, kisha yote miwili, polepole, bila transpozi. Dakika mbili zinatosha. Kisha kodi ya do, ya fa na ya so, kwa kila namna ya kuzigeuza, mpaka mkono uhame kutoka moja kwenda nyingine bila kunyanyuka sana. Kisha wimbo, na uwe ule unaojulikana mno, ambao mtu angeuimba usingizini, ili akili yote ibaki kwa vidole. Tumia wimbo huohuo kwa funguo zote 12 kwa mwezi mzima. Ndipo utasikia kwa masikio yako kuwa kilichobadilika ni mahali tu.

Dakika tatu za mwisho ndizo zenye thamani kubwa, na ndizo watu huziacha. Imba do ya ufunguo huo bila kinanda, anza ubeti, kisha uingie kwa kodi sahihi katikati ya mstari, kama utakavyolazimika kufanya mbele ya watu. Ukimaliza, panda nusu sauti. Viongozi wengi wa sifa hupandisha wimbo unapochemka, kutoka F hadi F shapu, kutoka A flati hadi A, na anayeujua A flati peke yake ataachwa kwenye kilele. Kwa hiyo kila kura hubeba ufunguo mmoja na jirani yake wa juu.

Baada ya hapo, rekebisha kopo. Hapa wazo linafanana na la Sebastian Leitner, mwandishi wa Ujerumani aliyeeleza mwaka 1972 jinsi ya kujifunza kwa visanduku vya kadi: kadi unayoijua huenda mbali, unayoikosea hurudi karibu. Ufunguo ukipigwa safi katika vikao viwili tofauti, toa karatasi yake moja. Ukikushinda, ongeza moja. Usishuke chini ya 1, usipande juu ya 9, kwa maana bila dari ufunguo mmoja sugu utameza kopo lote na kurudisha ile hali ya mazoezi ya kitu kimoja. Haja nayo ipimwe upya kila baada ya miezi mitatu, au mara tu kiongozi wa nyimbo anapobadilika. Mwanamke wa A flati akihamia Kitale na mahali pake pakachukuliwa na kijana wa sauti ya besi, kopo la zamani halikufai tena.

Uzito hutofautiana pia kwa kazi. Anayepiga pamoja na bendi ya Jeshi la Wokovu ajue kwamba koneti ni za B flati na pembe za tena ni za E flati, hivyo muziki wao hupenda flati. B flati, E flati, F na A flati zipewe haja 3 tangu mwanzo, bila kusubiri daftari. Anayepiga pamoja na magitaa afanye kinyume, apandishe E, A, D na G, na aulize mapema kama mpiga gitaa hutumia kapo, kibanio kinachopandisha sauti ya nyuzi.

Anayealikwa kusindikiza litungu ana habari nyingine kabisa. Ala hii ya Wabukusu, yenye nyuzi 7 na nyingine 8, hukazwa kufuata sauti ya mwimbaji. Mpigaji wake hana sababu ya kujifunza funguo 12, kwa kuwa hugeuza nyuzi badala ya kugeuza vidole. Sauti ya litungu inaweza kuangukia katikati ya funguo mbili za kinanda, mahali ambapo hakuna mazoezi yatakayosaidia. Hapo adabu ni kumwendea mzee mwenye litungu kabla ya shughuli, kumwamkia, na kumwomba akaze nyuzi zake kwa sauti ya kinanda, au mpiga kinanda mwenyewe atafute mpangilio wa kinanda unaosogeza sauti kidogo kidogo. Ukishajua anapopenda kuwa, ongeza karatasi za ufunguo huo.

Asiye na nafasi ya kopo, labda kwa kuwa anafanya mazoezi ukumbini baada ya kazi, anaweza kutumia simu yoyote yenye saa ya kupimia mbio. Iwashe, izime bila kutazama, usome tarakimu mbili za mwisho, zile za sehemu ya mia ya sekunde. Zinatoka 00 hadi 99. Kwa uzito wa jumla ya 50, kila karatasi huwa namba mbili: C ichukue 00 hadi 03, F shapu 04 na 05, G 06 hadi 11, na kuendelea hivyo hadi A flati, yenye namba 18, ifunge orodha kwa 82 hadi 99. Uzito ukibadilika jumla ikawa 47, namba zinazotumika ni 00 hadi 93, na ikitoka 94 au zaidi unazima na kuwasha tena. Orodha ibandikwe nyuma ya daftari. Ni njia nzuri, lakini kopo linabaki kuwa bora kwa anayeanza, kwa kuwa unaona kwa macho karatasi za A flati zikipungua.

Wiki mbili za kwanza zitakatisha tamaa. Mchanganyiko humfanya mtu ajione amerudi nyuma, kwa kuwa hakai na ufunguo muda wa kutosha kuusikia ukilainika siku hiyohiyo. Usipime kwa kikao, pima kwa Jumapili: hesabu ni nyimbo ngapi ulizipiga mwanzo hadi mwisho bila kugusa transpozi, uandike namba hiyo kwenye daftari kando ya tarehe. Na usikiondoe kitufe kwa hasira. Siku ya ibada, waumini wamekuja kuabudu, hawakuja kusikiliza mazoezi. Wimbo ukikushinda, kitumie, kisha jioni ongeza karatasi ya ufunguo uliokushinda.

Kopo likifika mahali pa kubaki na karatasi 12, moja kwa kila ufunguo, kazi ya uzito kwa funguo za meja imekwisha. Kata karatasi za funguo 12 za maina, zipe haja na ugumu wake, uzichanganye na hizo, na uendelee.